Kichuguu cha Shangazi na Wana wa Kenge

Nimeacha kazi nyingi maishani mwangu, na kila moja niliiacha kwa sababu iliyoonekana njema asubuhi ile. Ya Kitale niliiacha kwa sababu ya harufu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vile vya pili. Nilikuwa kijana aliyetoka shule ya sekondari, jambo lililokuwa adimu kwetu, na nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kuandika barua na kiburi cha kutosha kukataa jembe. Mhindi mmoja mwenye ghala nyuma ya soko alinichukua nimsaidie kupokea ngozi. Za ng'ombe na mbuzi zilikuwa nyingi, lakini zilizomfanya aache chai yake na kutoka nje zilikuwa za kenge. Alizipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayechagua kitambaa. Alisema zinapanda meli kwenda Ulaya, na huko wanawake wenye pesa huzivaa miguuni na kuzining'iniza begani.

"Kenge?" nilimuuliza. "Huyu huyu wa mtoni?"

"Huyu huyu. Kwenu tusi, kwao kiatu. Shika chumvi, kijana."

Kwetu kweli alikuwa tusi. Mtu mkaidi, asiyesikia la mama wala la mwalimu, huyo ni kenge. Aliyemtaka kwa wema alikuwa mpiga siiriri peke yake, ile fidla yetu ya uzi mmoja, maana hakuna ngozi nyingine inayolia vizuri ikiwambwa juu ya mzinga wake.

Katika ghala lile nilimjua kenge kuanzia ndani kwenda nje. Wawindaji wa kando ya Nzoia walileta wengine wakiwa bado na nyama, tukawachuna wenyewe uani. Tumboni nilikuta kaa, konokono, panya, mayai ya ndege, na mara moja chura aliyekuwa bado na sura yake. Mkia wa kenge ni bapa kama kasia, ndiyo maana majini haonekani kuhangaika. Akiwa nchi kavu mkia huo huo ni kiboko, na mwindaji mmoja alikuwa na alama yake pajani, akiionyesha kwa fahari kama askari. Ulimi umegawanyika mara mbili kama wa nyoka, lakini si wa kuuma. Anautoa nje kunusa, anaurudisha, anautoa tena, kama mzee anayeonja pombe ya jirani.

Tena ni mjanja. Siku moja aliletwa mmoja amelegea, macho yamefumbwa, kichwa kinaning'inia. Nikamlaza juu ya meza nikageuka kuchukua kisu. Nilipotazama tena meza ilikuwa tupu, na Mhindi alikuwa amesimama juu ya kiti akiniita majina ambayo sijapata mtu wa kunitafsiria mpaka leo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza kupungua, walioletwa zaidi walikuwa majike, matumbo yamejaa mayai meupe yenye ganda laini kama karatasi iliyoloweshwa. Niliuliza kwa nini majike tu. Mwindaji mwenye alama pajani alicheka.

"Saa hii wanatoka mtoni kwenda kutaga kwenye vichuguu, udongo ukiwa bado laini. Akishaingiza kichwa ndani, wewe unamvuta mkia tu kama muhogo."

Baadaye wawindaji hao hao walianza kulalamika. Mto umekuwa mtupu, walisema, siku hizi tunatembea mbali sana. Katika pumzi ile ile walilalamika kwamba panya wamezidi kwenye mahindi. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, hata mimi niliyewaona panya tumboni mwa kenge kwa macho yangu. Mimi nilichojua ni kwamba ninanuka. Wasichana wa Kitale wakiniona walihamia upande wa pili wa barabara. Basi asubuhi moja nilimuaga Mhindi, akanipa mkono na kipande cha sabuni, nikapanda lori la mahindi hadi Kimilili, kutoka pale nikatembea mpaka Kabuchai kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alikuwa amenilisha miaka yangu yote ya shule. Aliniita "baba" kwa sababu nilipewa jina la baba yake, na heshima hiyo haikumzuia kunisema anavyotaka.

"Karibu, baba. Hapana, simama hapo hapo kwanza. Upepo unatoka wapi?"

"Unatoka kwangu, shangazi."

"Basi zunguka upande ule. Maji yapo kwenye debe. Nitakukumbatia ukishakuwa mtu."

Katika boma lile ng'ombe walikuwa wa marehemu mume wake, na sasa walikuwa wa wanawe, ambao walifanya kazi mbali. Shamba lilikuwa la ukoo. Hata nyumba aliyolala ilisemwa kuwa ya mwanawe wa kwanza. Kilichoitwa chake kilikuwa kimoja tu: kichuguu kilichosimama nyuma ya jiko, chekundu, kirefu kuliko mtu, na mgongo mpana kama wa ng'ombe aliyelala.

Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Hiki alikabidhiwa na mama mkwe wake, ambaye naye alikabidhiwa na mama mkwe wake. Kinachotoka ndani yake ni cha mwenye kichuguu, hata kikirukia uani kwa jirani. Anayetega kumbikumbi kwenye kichuguu cha mwenzake ni mwizi, na wizi huo hauna tofauti kubwa na kukamua ng'ombe wa watu gizani. Mvua zikianza, wanawake wa kijiji walikuja na vibakuli vyao, na shangazi alikaa kwenye kigoda akigawa, huyu kiasi hiki, yule kiasi kile, aliyemsengenya mwaka uliopita zaidi kidogo ili aone haya. Siku hizo chifu alikuwa yeye.

Siku ya pili alikuja kuniamsha kumepambazuka.

"Baba, amka. Kuna mtu anavunja nyumba yangu."

Nilitoka mbio nimeshika rungu. Nilichokuta ni mkia. Ulikuwa umetokeza ubavuni mwa kichuguu, mrefu, una mistari ya manjano iliyofifia, na udongo ulikuwa ukiruka nyuma yake. Nikautambua mara moja, kama karani anavyotambua mwandiko wa bosi wake.

"Shangazi, ni jike. Ngozi yake peke yake Kitale..."

"Nyamaza. Bado unanuka ngozi za wenzake."

"Basi atakula mchwa wako wote."

 Shangazi alimtazama yule kenge, mikono kiunoni. Kenge alichimba, akapumzika, akachimba tena, kisha akajigeuza na kutuliza kiuno shimoni. Jua lilikuwa limeshapanda alipomaliza. Alisukumiza udongo kidogo, bila bidii, akatoka amekonda mbavuni kama gunia lililomwagwa. Alitutazama, akatoa ulimi, akaurudisha, akashuka kuelekea mtoni bila haraka yoyote.

"Amepanda kilima hiki chote na tumbo lile," shangazi alisema. "Mimi nilipokuwa na tumbo kama lile, nani alinifukuza?"

Nadhani kama si kanisa, habari ingeishia pale. Lakini mwaka ule waumini walikuwa wameamua kuondoa kanisa la matete na kujenga la matofali, na kila mtu anajua kwamba hakuna udongo wa matofali unaoshinda wa kichuguu. Mchwa wameshausaga, wameshauchekecha, kazi yako ni kumwaga maji na kukanyaga. Msimamizi wa matofali alikuwa shemeji wa shangazi, mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa kanisa mwenye tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikuwa ameshamaliza vichuguu viwili vilivyokufa upande wa barabara. Aliposikia habari ya kenge alifika kabla ya chai.

"Shemeji, nimekuja matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya kichuguu. Nasikia kenge ameingia akakula mchwa wote. Pole sana, bana."

"Kama kuna kitu hapa kimekula kila kitu, ni hilo tumbo lako. Kichuguu changu ni kizima."

"Kizima na tundu kama hilo? Hata wewe ukitobolewa hivyo hutapona."

"Rudi nyuma, unakanyaga mali yangu."

"Si ni mali ya Bwana, shemeji?"

"Bwana yupi? Yule wangu amekufa. Huyo mwingine aje mwenyewe kuniomba, asitume mtu wa kula."

Alicheka mpaka akafuta macho. Mashemeji kwetu wana ruhusa ya kusemana hivyo, na hawa wawili waliitumia ruhusa hiyo yote. Lakini hakuwa anatania kuhusu udongo. Jumapili ile aliliweka jambo mbele ya wazee wa ukoo, nao wakaja, wakakaa, wakamaliza chai yote ya shangazi, wakakizunguka kichuguu wakikigonga kwa fimbo kama madaktari. Uamuzi wao ulikuwa huu: kichuguu kilicho hai ni mali ya mtu, kilichokufa ni udongo tu, na udongo ni wa ukoo. Mvua kubwa zikija, vichuguu vya wengine vikitoa kumbikumbi na cha shangazi kikanyamaza, basi kimekufa, na jembe liingie.

Shangazi alikubali kwa sauti ya juu, mbele ya wote. Walipoondoka alikaa kwenye kigoda chake mpaka kuku walipoingia ndani.

Nilikuwa nimepanga kukaa wiki moja, nielekee Malakisi ambako nilisikia wanatafuta watu wa kupima pamba. Nikakaa miezi yote ya kiangazi. Sijui kama ni kwa ajili ya shangazi au ni kwa kutaka kujua mwisho. Kwa mtu kama mimi, asiyetulia, kutaka kujua mwisho ni kamba yenye nguvu.

Siku chache baada ya kenge kuondoka, lile tundu lilikuwa limezibwa. Udongo wa juu ulikuwa mpya, mwororo, umepigwa lipu kama kwa mwiko. Mimi nilisema ni mchwa. Shemeji alisema ni mvua ya mwisho imeporomosha udongo. Shangazi alianza kufagia pale mbele kila asubuhi, ili aone kama kuna chochote kilichotembea. Hakikutembea kitu. Jua likawaka, majani yakakauka, kichuguu kikasimama pale kama jiwe. Shemeji alipita karibu kila siku, akivua kofia yake na kuinamisha kichwa kama anapita kaburini.

"Pumzika kwa amani," alikiambia kichuguu.

"Na wewe pia," shangazi alimjibu kutoka jikoni.

Lakini jioni moja, tukichambua maharage, aliniuliza bila kuinua macho, "Baba, na kama kweli aliwala?"

Nilimweleza yale ya ghalani: kwamba nimefungua matumbo ya kenge wengi kuliko nilivyotaka, nikaona kaa na konokono na panya, lakini mchwa wa kusema hao ndio chakula chake sikuona.

"Kwa hiyo alikuja kufanya nini ndani ya mchwa?"

"Kutaga. Huenda ndani kuna joto."

"Joto la nani?"

 Nilisema tuchimbe kidogo, tutazame, tufukie. Alinitazama kama niliyependekeza tumpasue mgonjwa ili tujue kama anapona.

"Hakuna kuchimba. Hata mimi sijui kilichomo. Tutangoja, kama watu wengine wenye mimba."

Kisha alinisimulia jambo ambalo hakuwa amelisema mbele ya wazee. Mama mkwe wake, aliyemkabidhi kichuguu kile, hakuwa mwanamke wa maneno matamu. Miaka mingi hakumpenda. Siku aliyompeleka pale, akamshika mkono na kuuweka juu ya udongo, alisema tu, "Hiki sasa ni chako, hakuna mwanamume wa kukuuliza." Ndiyo siku shangazi alijua amefika katika boma lile, baada ya kuishi ndani yake tangu harusi. "Wakikivunja," alisema, "mimi nitakuwa mgeni tena." Akarudi kwenye maharage.

Mvua zilikuja kwa fujo, kama zinavyokuja upande wetu, wingu zito likishuka kutoka Mlima Elgon baada ya mchana. Wiki haikuisha, vichuguu vya bondeni vikaanza kutoa. Asubuhi tulisikia watoto wakishangilia kwa jirani, tukaona mbawa zimetapakaa njiani. Siku iliyofuata kikatoa cha mke wa mwalimu. Kichuguu cha shangazi kilikunywa maji na kunyamaza. Wanawake waliokuwa wakija na vibakuli walipita mbali kidogo, kwa adabu, na adabu yao ilimuuma kuliko matusi.

Shemeji alifika na vijana wawili, majembe, na vibao vya kufyatulia matofali. Alikuwa ameshachimbisha shimo la kukanyagia udongo pale pale karibu, na mvua ilikuwa imelijaza. Safari hii hakuvua kofia.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "wewe unajua mimi sipendi ulie. Lakini wazee walisema."

"Wazee walisema mvua. Hawakusema nisipige ngoma."

Alikuwa sahihi. Kumbikumbi wavivu huitwa. Unafunika kichuguu kwa majani ya mgomba, unamwaga maji, unalaza vijiti juu ya udongo na kuvipiga kwa pamoja, taratibu, kama matone makubwa ya mvua, mpaka walioko ndani wadanganyike. Ni kazi ya nusu siku na haitaki mtu mwenye haya. Shemeji alikuna shingo, akatazama jua, akakubali asubuhi ile moja.

Tukaanza. Shangazi kwenye kigoda na vijiti viwili, mimi upande wa pili, mke wa mwalimu na wanawake wengine walioona aibu kukaa pembeni wakaja wakashika vijiti vyao. Nilibeba maji kutoka mtoni mpaka mabega yakaniwaka. Shangazi aliimba, na wimbo aliutunga pale pale, nao ulimhusu mtu fulani mwenye tumbo ambaye kanisa lake litajengwa kwa udongo wa wajane, na kila ubeti ulipoisha wanawake waliitikia kwa furaha iliyopita kiasi. Shemeji alikaa juu ya vibao vyake akijifanya hasikii. Baada ya muda niliona mguu wake unapiga mdundo.

Jua lilifika utosini. Hakuna kumbikumbi. Sauti ya shangazi ilikwaruza, lakini hakuacha. Mmoja wa wale vijana alishika jembe lake, akalitazama, akaliweka tena chini.

Ndipo udongo ulipotingishika, ubavuni, pale pale palipozibwa. Kipande kikaanguka. Shangazi akapiga yowe, "Wanatoka!" na shemeji akaruka kuja kuona, akainama mpaka pua ikakaribia. Kilichotokea tunduni kilikuwa kichwa kidogo cheusi, chenye madoa ya manjano, na kabla hakijatoa kitu kingine kilitoa ulimi uliogawanyika.

"Nyoka!"

Sitasahau namna mzee yule wa kanisa alivyokimbia. Alikimbia kinyumenyume, jambo ambalo hata kijana hawezi vizuri, akaingia shimoni mwa matofali mpaka kiunoni, na maji mekundu yakaruka yakatufikia sote. Wanawake walitawanyika. Mimi peke yangu nilibaki, si kwa ushujaa, bali kwa kuwa niliijua sura ile.

"Si nyoka!" nilisema. "Ana mikono!"

Alikuwa na mikono kweli, yenye kucha. Alijivuta nje, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi kiganja, ametapakaa rangi ya manjano mbichi iliyong'aa kana kwamba amepakwa asubuhi ile. Nyuma yake alikuja wa pili, akimkanyaga wa kwanza. Kisha wa tatu na wa nne kwa pamoja, wakikwama mlangoni kama watoto wa shule kengele ikilia. Walikuwa wamekaa humo kiangazi chote, gizani, wakilindwa na joto la mchwa, wakingoja maji yalainishe ukuta. Na maji niliyoyabeba mtoni na vijiti vya wanawake vilikuwa vimewafungulia. Waliangalia huku na huku, ndimi nje ndani, kisha wakateremka majanini kuelekea mtoni, kule kule mama yao alikoelekea, bila kuonyeshwa na mtu. Kuku wa shangazi walisimama wakiwatazama na hakuna aliyethubutu.

Wanawake walianza kurudi, mmoja mmoja, wakicheka kwa aibu. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshusha vijiti.

"Basi wametoka," alisema polepole. "Lakini hawa si kumbikumbi."

"Si kumbikumbi," shemeji aliitikia. Alikuwa amejikokota kutoka shimoni, suruali inachuruzika, na nadhani zile mbio zake zilimfanya atake kumaliza jambo haraka. "Hiyo ndiyo nilisema toka mwanzo. Ndani yake ni nyumba ya kenge tu. Mchwa hakuna, walishakufa. Ona."

Akaja mpaka kwenye tundu lililoachwa na wale wadogo, na ili wote waone jinsi kulivyo kutupu, akaingiza kidole chote.

Alikitoa haraka kuliko alivyokiingiza. Kwenye ncha kulikuwa na mchwa askari, yule mwenye kichwa kikubwa chekundu na meno kama koleo, ameng'ang'ania nyama, na damu inatoka. Shemeji alitikisa mkono. Askari hakuachia. Alitikisa tena, akasema neno ambalo wazee wa kanisa hawasemi.

Shangazi aliinuka kutoka kigodani.

"Shemeji," aliuliza kwa upole mkubwa, "umeumwa na maiti?"

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka mke wa mwalimu alikaa chini matopeni, na wale vijana wawili walijificha nyuma ya majembe yao. Tuliposogea kutazama, mdomo wa tundu ulikuwa umejaa mchwa. Askari walisimama mbele wakigonga vichwa, na nyuma yao vibarua walikuwa wameshaanza kuleta udongo uliotafunwa, tone kwa tone, wakiziba mlango ambao wapangaji wao walikuwa wameubomoa. Lipu ile ile niliyoiona mwaka uliopita.

Shemeji aliitazama kwa muda, kidole mdomoni. Kisha akawageukia vijana wake.

"Chukueni vibao. Tunaenda kuchimba kando ya mto."

"Na uamuzi wa wazee?" mmoja aliuliza.

"Wewe unataka kuweka kidole?"

Kumbikumbi wa shangazi walitoka baada ya siku chache, asubuhi yenye ukungu, bila kupigiwa ngoma. Hawakuwa wengi kama miaka mingine; sidai muujiza. Lakini alikaa kwenye kigoda, akagawa, na bakuli la kwanza lilikwenda kwa shemeji, limejaa mpaka linamwagika, ili naye aone haya. Alikula yote. Haya hakuona.

Lililonishangaza zaidi lilikuja baadaye kidogo, wakati nilishafunga mzigo wangu kwenda Malakisi. Alikuja mwindaji kutoka huko huko, kijana mwenye mkuki na mbwa, akiuliza njia ya kushuka mtoni. Alisikia kwamba huku kuna kenge. Shangazi alimpa maji ya kunywa, akangoja amalize.

"Wapo," alisema. "Ila wana mwenyewe."

"Kenge wana mwenyewe, mama?"

"Kinachotoka kwenye kichuguu ni cha mwenye kichuguu. Si ndivyo kwenu pia?"

"Ndivyo, mama. Lakini hiyo ni ya kumbikumbi."

"Nani alisema ni ya kumbikumbi peke yake? Wametoka kwangu, mchana, watu wakitazama. Kama unajua yupi mtoni ni wangu na yupi si wangu, nenda, chukua asiye wangu."

Kijana alicheka, akatafuta mtu mzima wa kumsaidia, akamwona shemeji akipita na toroli la udongo wa mtoni.

"Mzee, huyu mama anasema kweli?"

Nilidhani atapata nafasi yake ya kulipiza. Alisimamisha toroli, akamtazama shangazi, akamtazama mwindaji, akafikiri. Nadhani sheria ilimkwama kooni. Angeikana hapo, wiki ijayo mtu angetega kumbikumbi kwenye kichuguu cha mke wake.

"Ni kweli," alisema. "Mimi nilikuwapo. Nilikuwa upande ule mwingine wa kesi, na nilishindwa. Peleka mbwa wako nyumbani, kijana."

Neno lilienea, na tangu hapo kipande kile cha mto, kutoka kivukoni hadi kwenye mawe, kikaachwa. Shangazi hakuwahi kumpenda kenge; alipoibiwa mayai ya kuku alilaani kama mtu yeyote. Lakini wakati mito mingine niliyopita ilikuwa kimya, pale uliweza kuwaona asubuhi wamelala juu ya mawe wakiota jua, wanene, hawana wasiwasi.

Siku niliyoondoka alinifungia kumbikumbi waliokaangwa kwenye jani la mgomba, akanisindikiza hadi njia panda. Nilitarajia maneno ya kuniaga, nitulie, nioe, niandike barua. Alinirekebisha kola tu.

"Ukimkuta kenge huko uendako," alisema, "kabla hujafikiria ngozi yake, muulize ametoka kwenye kichuguu cha nani."

Nimezunguka sana tangu siku hiyo, mito mingi, kazi nyingi. Huwa ninawauliza. Wao hutoa ulimi, wakaurudisha.